Kumeza na Meza ni Ndugu? Majibu ya Maswali Yenu ya Lugha

Toleo lililopita nilieleza tofauti ya kula na kutafuna, kumeza nikalitaja kwa sentensi moja tu nikapita, kumbe hapo ndo wengi mlikuwa mnapasubiri. Maswali yamekuja mengi kuliko nafasi niliyonayo, mengine yanafanana nimeyaunganisha. Neno lenyewe dogo, kila mtu analitumia kila siku, lakini ukilikalisha chini ukaliuliza limetoka wapi lina mambo mazito kweli.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, tumebishana darasani mpaka kengele ikagonga. Mwenzangu anasema meza imeitwa meza kwa sababu hapo ndo watu wanakaa kumeza chakula, na karibu darasa zima limemuunga mkono. Mi nimekataa ila sina hoja. Nisaidie.

JIBU: Marahaba mwanangu. Umekataa vizuri, sasa chukua hoja urudi nazo darasani.

Meza ile ya miguu minne ni neno la Kireno. Wao wanaandika mesa, lakini kwao s ikikaa katikati ya irabu mbili inatamkwa z, kwa hiyo Mswahili aliyelisikia kwa masikio yake alisikia meza vilevile kama tunavyosema sisi leo, hakuongeza kitu wala kupunguza. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, ngome yao ya Fort Jesus pale Mombasa walianza kuijenga 1593 na wakatolewa humo na Waomani 1698. Miaka kama mia mbili hivi ya kuja na kuondoka, kupigana na kufanya biashara, ikatuachia maneno ambayo leo hata hatushtuki tukiyasema: bendera, mvinyo, karata, leso, foronya, padri, na gereza ambalo asili yake ni igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Hilo la kanisa kugeuka jela lina historia yake nzuri, nitaliandikia siku yake.

Ila hoja itakayomnyamazisha mwenzako sio historia, ni sarufi. Kiswahili kikitaka kuunda jina la kitu kutoka kwenye kitenzi huwa hakikiachi kitenzi uchi hivihivi, kinakivisha kitu mbele na mara nyingi kinabadilisha na mwisho. Kufunika kumetupa kifuniko, kuziba kizibo, kufagia ufagio, kuchuja kichujio, kupepea kipepeo, kukaa kikao. Kwa hiyo kama hicho chombo kingeitwa kwa sababu ya kumeza basi leo tungekiita kimezo au kimezeo au kitu cha namna hiyo. Sasa kimekuja meza, kikavu, bila kiambishi, na wingi wake meza vilevile, meza moja meza kumi, imevunjika zimevunjika. Hiyo ndo tabia ya wageni wengi wakiingia kwenye lugha yetu, wanapelekwa kwenye ngeli ya i-zi wanakaa hapo na nguo zao walizokuja nazo.

Kwa hiyo ni maneno mawili yaliyokutana sura tu. Ukimwambia mtu "meza dawa iliyo mezani" umeyatumia yote mawili kwenye pumzi moja na hakuna atakayechanganyikiwa, manake la kwanza ni amri na la pili limepokea -ni ya mahali, na hiyo -ni ya mahali kitenzi hakiipokei hata siku moja.

SWALI: Kama meza ni Kireno, kumeza je? Mi babu yangu alikuwa anatuambia nusu ya Kiswahili ni Kiarabu, nikajua na hili ni la huko.

JIBU: Hapana, hili ni la nyumbani kabisa. Kiarabu kumeza ni balaʿa, halifanani hata kwa mbali. Na kwa ujumla maneno ya mwili na kazi zake mengi tumebaki nayo ya Kibantu: kinywa, jino, ulimi, koo, tumbo, mate, kutafuna, kulamba, kutema, kutapika. Yapo yaliyoingia, damu kwa mfano ni Kiarabu, lakini hayo ni machache, watu hawaazimi ovyo jina la kitu walichozaliwa nacho.

Sasa hebu tutembee kidogo maana hapa ndo pananoga.

Nenda Malawi, Wachewa wanasema kumeza, neno ni hilohilo na maana hiyohiyo, hubadilishi hata herufi. Zimbabwe kwenye Kishona ni kumedza. Botswana kwenye Kitswana ni go metsa. Wakikuyu wanasema kũmeria. Zambia kwenye Kibemba ni ukumina. Uganda kwenye Luganda ni okumira, na Rwanda ni kumira. Lugha hizi zimetawanyika mbali sana, wasemaji wake wengi hawajawahi hata kuonana, na bado kila mmoja akishusha tonge anataja kitu kinachoanza na m, kikafuata irabu ya i au e, kisha sauti ya l au r au n au z au ndugu zake. Kitu kama hicho hakitokei kwa bahati, hiyo ni alama kwamba waliokuwa wanasema lugha mama ya Kibantu maelfu ya miaka nyuma walikuwa nalo tayari na kila aliyehama alihama nalo kinywani. Kazi ya kulinganisha sauti za lugha hizi kwa mpangilio ilipata nguvu na Mjerumani Carl Meinhof mwaka 1899, baadaye Mwingereza Malcolm Guthrie akatoa majuzuu yake manne kati ya 1967 na 1971, na tangu hapo wataalamu wameendelea kuongezea.

Na kuna mmoja amepinda njiani. Kilingala cha Kongo wana komela, ukoo huohuo, lakini kwao maana yake ni kunywa. Ukimsikia mtu wa Kinshasa anasema anataka komela mai ujue ana kiu tu. Si ajabu, kinywaji ndo kitu pekee ambacho ukishakitia mdomoni kazi iliyobaki ni kumeza, hakuna cha kutafuna hapo.

SWALI: Mwalimu, mimi ni Mganda niliyekulia kwenye Kiswahili. Kwetu tunasema kumira kwa r, Waswahili wanasema meza kwa z. Hiyo z imetoka wapi?

JIBU: Swali zuri sana ndugu yangu, nimelipenda kuliko yote ya mwezi huu na nitalijibu taratibu.

Angalia kwanza Kiswahili chenyewe kinavyofanya. Lala, ukimfanya mtu alale unamlaza. Potea, poteza. Tembea, tembeza. Enea, eneza. Legea, legeza. Kimbia, kimbiza. Jaa, jaza. Unaona z inavyoibuka? Zamani kiambishi cha kusababisha kilikuwa ni sauti ya i nyembamba inayokaa nyuma ya mzizi, na mzizi ukiishia na l basi hiyo l na hiyo i zikigongana zinasagika zinatoa z. Kwenye lala unaiona l mwenyewe kwa macho. Kwenye potea huioni kwa sababu Kiswahili kina tabia ya kuimeza l ikikaa kati ya irabu mbili, lakini haijafa, imejificha tu, ndo maana unasema zaa lakini zaliwa, chukua lakini chukuliwa, pokea lakini pokelewa. Ukiivuta inatoka.

Sasa rudi kwenye meza. Hiyo z ni ya aina hiyohiyo, ni l ya zamani iliyokutana na ile i. Wakikuyu wao i bado wanaitamka waziwazi, me-ri-a, hata mtoto anaisikia. Kitswana kimeisaga ikawa ts, Kishona dz, sisi na Wachewa z. Nyie Waganda na Wanyarwanda mnatumia mzizi mtupu bila hicho kiambishi, ndo maana r yenu imebaki salama.

Ushahidi mwingine uko kooni kwenyewe. Jina la njia ya chakula limetokana na kitenzi hikihiki lakini bila ile i, kwa hiyo l au r inatakiwa ionekane, na kweli inaonekana: Luganda omumiro, Kikuyu mũmero, Kichewa mmero. Na Kiswahili? Umio! Toa l katikati kama tulivyozoea kuitoa, uone kama hukubaki na umio. Mi kila nikifundisha hili huwa natamani kila mtu alione, kwamba umio na kumeza, maneno ambayo kwa macho hayafanani hata kidogo, ni mtu na nduguye, wakati meza na kumeza zinazofanana kama mapacha hazijuani.

Angalizo moja tu. Kuna wanaotaka kuingiza na kumea humo, ile ya mbegu kumea, wanasema mea meza kama potea poteza. Usiingie huko. Kumea ni mzizi mwingine, na lugha yako ndugu yangu ndo inatoa hukumu: Luganda okumera ni kuota na okumira ni kumeza, Kinyarwanda nacho kimezitenganisha hivyohivyo, kumera na kumira. Mbegu na tonge kila kimoja kina njia yake.

SWALI: Kumeza, kubugia, kugugumia, kufakamia, mbona watu wanachanganya? Mi huwa naona kwenye magazeti wanasema mtu amebugia maji. Ni sawa?

JIBU: Kubugia maji mi silikubali, ila najua wengi wanaliandika.

Kubugia asili yake ni kutupia mdomoni kitu kikavu kwa wingi na kwa mkupuo, kama unga au karanga, ile kiganja kimejaa unakifikisha mdomoni unakimimina mashavu yanatuna. Kazi yote iko mkononi na mdomoni, hatujafika kooni. Kubwia ni jirani yake wa karibu, na ndo hilo lililochukuliwa kwenye kubwia unga ule mbaya, dawa za kulevya.

Kugugumia ni kwa vitu vya majimaji, na neno lenyewe linakupa sauti, gu-gu-gu, mtu ana kiu anainua chombo hakishushi mpaka kiishe na koo linaonekana linapanda na kushuka. Huyo aliyeandikwa amebugia maji alikuwa anagugumia. Kama anakunywa kidogo kidogo basi anapiga mafunda, funda moja ni kile kinachojaa mdomo mara moja. Kikiwa kigumu ni tonge au kipande, hakuna funda la ugali.

Kufakamia hakuhusu koo hata kidogo, ni namna ya kula, pupa. Mtu anayefakamia anatafuna ila anatafuna kama kuna anayemfukuza. Na kuna neno siku hizi hulisikii sana, kuakia, kushusha chakula harakaharaka bila kutafuna, mi nalisikitikia likipotea kwa sababu hakuna jingine linalosema hivyo kwa neno moja.

Kumeza kwenyewe ni ile hatua ya mwisho tu. Kitu kinatoka kinywani kinashuka. Basi. Kabla ya hapo unaweza kutema, baada ya hapo labda utapike. Ndo maana kinyume cha kumeza ni kutema na sio kutapika, na watu wanajua hivyo bila kufundishwa, ule msemo wa "vidonge vyako hivyo, ukitaka meza ukitaka tema" unampa mtu nafasi ya kuamua wakati kitu bado kiko mdomoni.

Kitu kikienda vibaya nako kuna maneno mawili na watu wanayavuruga. Maji au chakula kikigeukia njia ya hewa ukakohoa machozi yakatoka, umepaliwa. Kitu kikikwama, mwiba wa samaki au tonge kubwa halishuki halipandi, umesakamwa. Tafadhali tuyaweke mbalimbali, siku mtu anahitaji msaada inafaa anayepiga simu ajue anasema lipi.

SWALI: Naomba utueleze kumezea mate, halafu hii "mezea" ya vijana, na kumeza maneno. Ni maana moja au kila moja na lake? Mwanangu ananiambia "mama we mezea tu" na mimi nasikia kama ananitukana.

JIBU: Hakukutukana dada yangu, amekuomba uachie jambo lipite. Ngoja tuyapange.

Maana zote za mbali za kumeza ukizichunguza zimekaa juu ya kitu kimoja, kwamba kinachomezwa kinaingia kizima na hakionekani tena. Hapo ndo linapoachana na kula. Kula ni neno pana mno, tunakula kiapo, tunakula njama, tunakula hasara, tunakula rushwa, na anayekula anachukua muda na anabakiza mabaki. Chatu hali mbuzi, anammeza. Nabii Yunus, au Yona kwa Wakristo, hakuliwa na samaki, alimezwa, na ndo maana aliweza kutoka akiwa hai, ukibadilisha neno hapo hadithi nzima inakufa. Kadhalika ule msemo wa Injili wa kuchuja mbu na kumeza ngamia, nguvu yake iko kwenye ngamia kupita mzima na nundu lake bila mtu kustuka.

Kutoka hapo twende kwa binadamu. Kumeza maneno kuna maana mbili na zote zinatumika. Ya kwanza ni kutamka nusunusu, mtu anaanza neno vizuri halafu mwisho wake hausikiki, umebaki nyuma ya meno. Ya pili ni kuwa na la kusema, limeshafika ulimini, ukalirudisha. Hii ya pili ndo ndugu yake kumeza hasira na kumeza uchungu. Angalia kwamba aliyemeza hasira hajaacha kuwa nayo, iko ndani nzima, haijatafunwa. Mi nadhani Kiswahili kimelisema jambo hilo kwa haki kabisa, maana mtu aliyesamehe hatusemi amemeza, tunasema amesamehe.

Na "mezea" ya vijana imezaliwa humohumo. Mezea, achia, kausha, zote zinazunguka palepale: umeona, umesikia, lakini usijibu. Mwanao anamaanisha jambo hilo halistahili maneno yako. Kama hupendi asikwambie hivyo wewe mama yake hilo ni suala la adabu na una haki ya kumwambia, mtoto kumwambia mzazi mezea kwa kweli haipendezi, amwambie rafiki yake. Ila neno lenyewe halina tusi ndani.

Kumezea mate ndo tofauti kidogo. Mwili ukiona au ukinusa kitu kinachotamanika unatoa mate kabla hata hujakigusa, hiyo sio hiari ya mtu, na kwa sababu chakula hakipo mdomoni unachokimeza ni hayo mate yako mwenyewe. Kwa hiyo kumezea mate kitu ni kukitamani wakati huna: anakimezea mate cheo cha mwenzake, wanaimezea mate nyumba ya marehemu. Ile -ea ya mwisho ndo inayobeba mzigo, inaonyesha mate yanamezwa kwa ajili ya nini. Ukiikata ukabaki na kumeza mate tu maana inabadilika, mtu anameza mate kwa woga, au ameulizwa swali gumu anavuta muda, anameza mate kwanza ndo ajibu.

Zipo na nyingine msizoniuliza ila zinastahili. Giza linameza kijiji, bahari inameza chombo, kampuni kubwa inameza ndogo, lugha yenye nguvu inameza ya jirani, na siku hizi mashine ya benki inameza kadi. Hiyo ya kadi mi naipenda kwa dhati, hakuna aliyekaa ofisini akaitunga, watu walisimama mbele ya mashine wakaona kadi inaingia hairudi, wakachagua neno sahihi papo hapo. Wangeweza kusema imekula kadi, na wapo wanaosema, lakini kadi haijatafunwa, iko mle ndani nzima, imemezwa.

SWALI: Tunaambiwa shuleni tusimeze notsi. Lakini kukariri na kumeza si kitu kimoja?

JIBU: Karibu, lakini sio kimoja. Kukariri ni kurudiarudia kitu mpaka kikae kichwani, na hakuna ubaya ndani yake, mashairi yanakaririwa, jedwali la kuzidisha linakaririwa, aya zinakaririwa. Anayemeza notsi amezichukua kama zilivyo bila kuzitafuna, akiulizwa swali lilelile kwa maneno mengine anakwama. Wanafunzi wenyewe wamekamilisha picha, wanasema umemeza nyumbani ukatapika kwenye mtihani, na baada ya hapo tumbo tupu. Walimu wangu wenzangu, mkimkataza mtoto kumeza mwambieni na cha kufanya badala yake, atafune, yaani aeleze kitu kilekile kwa maneno yake mwenyewe.

SWALI: Dawa inamezwa, inanywewa au inaliwa? Mimi ni muuguzi na kila mgonjwa anakuja na lake.

JIBU: Dada, au kaka, samahani hukusema. Kwenye mazungumzo ya kawaida kunywa dawa kunabeba kila kitu kinachopitia mdomoni, iwe ya maji iwe ya vidonge, na mtu akisema "nimekunywa dawa" hajakosea. Usimsahihishe.

Lakini wewe unapotoa maelekezo ndo uchague kwa makini, kwa sababu neno kumeza ndani yake tayari lina agizo: kishuke kizima. Kuna vidonge vimepakwa ganda la nje ili visiyeyuke mapema, kuna vingine vimetengenezwa vitoe dawa kidogokidogo kwa saa nyingi, mgonjwa akivitafuna au akivisaga mpangilio wote unaharibika na dawa yote inaingia kwa mkupuo. Hivyo ni vya kumeza. Kuna vinavyotakiwa kutafunwa, mwambie atafune ndo ameze. Kuna vya kumung'unya, vinakaa mdomoni vinayeyuka taratibu. Na kuna vya kuweka chini ya ulimi, hivyo havimezwi kabisa, na mgonjwa aliyeambiwa tu "kunywa hii" atakishusha na maji bila kosa lake lolote. Yaani vitenzi vinne vya kawaida kabisa, tafuna, meza, mung'unya, weka chini ya ulimi, vinatosha kumlinda mtu. Na kwa mtoto au mgonjwa asiyejiweza ni kumezesha, unammezesha, ila taratibu asije akapaliwa.

SWALI: Kile kinyama kinachoning'inia kooni kinaitwaje? Wengine kilimi, wengine kimio, wengine kidakatonge.

JIBU: Majina yote matatu utayakuta, na kila moja limetazama upande wake. Kilimi ni ulimi mdogo, aliyekiita hivyo aliangalia umbo. Kimio ni umio umewekwa ki- ya udogo, kwa hiyo hilo ni mwana wa ukoo wa kumeza tuliouzungumza juu. Kidakatonge ni kinachodaka tonge, aliyekiita hivyo alikuwa anafikiria kazi.

Shida ni kwamba kidakatonge wengine wanalitumia kwa kile kinachoning'inia juu na wengine kwa kile kifuniko cha chini kinacholala juu ya njia ya hewa wakati tunameza, na hivyo ni viungo viwili tofauti. Ushauri wangu, cha juu tukiite kilimi au kimio na cha chini tukiachie kidakatonge, maana ndicho kinachozuia tonge lisipotee njia. Weka kidole kwenye koo lako kwa nje umeze mate, utasikia kitu kigumu kinapanda juu halafu kinashuka. Hicho ni koromeo linapanda kujificha chini ya shina la ulimi, kidakatonge kinalala juu yake, pumzi inakatika kwa muda mfupi sana, tonge linapita nyuma yake linaingia kwenye umio. Ndo sababu wazee wanakataza kuongea na tonge mdomoni, kuongea kunataka njia ya hewa iwe wazi na kumeza kunataka ifungwe.

Umio wenyewe kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 25 hivi, na tonge halidondoki humo kama jiwe kisimani, misuli inajibana nyuma yake inalisukuma kwenda mbele mpaka tumboni. Kwa hiyo hata ukiwa umelala utameza tu.

SWALI: Fupi tu. Mmeng'enyo unatokana na kumeza?

JIBU: Hapana. Unatokana na kumeng'enya, kuvunjavunja kitu kikawa chembechembe, ambayo ni kazi inayofanyika baada ya kumeza. Zimekaa jirani kwenye vitabu vya sayansi na zote zinaanza na me, ila undugu hakuna.